Baridi ya Julai na bikini zangu

Mwezi wa Julai Unguja ni baridi, yaani baridi yetu sie, asubuhi ukipanda daladala unawakuta watu na majaketi, watoto wa skuli na masweta, bibi zetu ukiwasha feni tu wanakuuliza unataka kuwaua au vipi. Na huo huo mwezi ndo nnauza bikini mpaka saizi za kati zinanishia nabaki kuwaomba wateja radhi. Halafu njoo mwezi wa tatu, jua linatutwanga, upepo umekata, jasho linashuka mgongoni umekaa tu hujafanya kitu, na dukani kwangu nahesabu wapita njia. Watu nikiwaambia hivi wanaona natania, ati bikini na baridi wapi na wapi.

Nimekumbuka kuandika hili kwa sababu mtoto wa kaka yangu anasoma SUZA, chuo kikuu chetu cha hapa Zanzibar, akaja na mazoezi yake ya takwimu akakaa pale nyuma ya kaunta. Mazoezi yenyewe ndo yale yale ya vitabuni, kuna mji, haujatajwa jina, umepewa miezi kumi na mbili, safu moja wastani wa joto la kila mwezi, safu ya pili nguo za kuogelea zilizouzwa, chora grafu kisha useme kuna uhusiano gani. Kachora, vitone vimepanda kutoka chini kushoto mpaka juu kulia vizuuuri, joto likizidi mauzo yanazidi, akafurahi. Kisha akaniuliza "shangazi na hapa kwako iko hivi?" Nkamwambia mwanangu, hebu nipe hiyo kalamu.

Kwanza tuwe wakweli, huo mfano haukosei kwa huko ulikotoka. Chukua Milano kwa mfano, maana Wataliani ni katika wageni wetu wakubwa, Januari mchana ni nyuzi sita hivi, Julai inafika thelathini. Hapo mtu kuvaa koti zito na kuvaa chupi ya kuogelea ni maisha mawili tofauti, baina yake kuna nyuzi zaidi ya ishirini, sasa lazima mauzo yafuate. Wiki ya mwanzo ya jua kali wote wanakumbuka kwa pamoja kwamba ile ya mwaka jana imelegea. Lakini hata huko bado mambo hayajanyooka kama grafu inavyosema, kwa sababu nguo hizi mtu hanunui akishasikia joto, ananunua anapopanga safari. Mpolandi anaekuja Nungwi Januari kanunua bikini yake Disemba, Warszawa nje kuna theluji, hiyo bikini imehesabiwa kwenye mwezi wa baridi na ukiangalia kipimajoto peke yake hutajua imeuzwa kwa nini. Na joto lenyewe likipita kiasi linafukuza watu. Wenzetu mlioko Dubai mnajua, Julai na Agosti inapita arubaini, nani anakwenda kulala mchangani, watu wapo ndani na esii zao, msimu wa ufukwe kule ni Novemba mpaka Aprili. Kwa hiyo ule mstari ulionyooka ni wa kipande kidogo tu cha dunia.

Haya tuje kwetu. Unguja tuko nyuzi sita hivi kusini ya ikweta, jua halitutupi mwaka mzima. Februari na Machi mchana ni 32 au 33, Julai na Agosti ni 28 au 29, usiku ndo inashuka mpaka 21 au 22 tunaanza kutafuta mablanketi. Yaani baina ya mchana wa moto kabisa na mchana wa baridi kabisa ni nyuzi nne, tano. Bahari ndo vile vile, Agosti maji yapo 25 au 26, Machi yanafika 29 mpaka 30. Mtu wa Ulaya hizo zote kwake ni maji ya kuogea nyumbani. Kinachotubadilishia sie mwaka ni pepo zaidi kuliko joto. Kaskazi anaingia Disemba anakaa mpaka karibu na Machi, anakuja na joto. Masika yanashika Machi mpaka Mei. Kusi anakuja na kipupwe, Juni Julai Agosti, kukavu na baridi. Kisha vuli, Oktoba mpaka Disemba, mvua za vipande vipande. Wazee walizipanga safari za majahazi kwa hesabu hiyo hiyo, mie naipangia saizi za sidiria.

Jirani yangu mmoja anauza feni na mafriji, yeye ndo mfano wa kitabuni kabisa. Ikianza kufukuta mwezi wa kwanza utaona watu wanatoka na maboksi ya feni kichwani, kipupwe kikiingia anakaa anacheza bao. Feni inafuata joto kwa sababu anaenunua feni ni mtu anaelala hapa, joto linamkuta kitandani kwake. Nkamwambia yule mtoto ukitaka grafu nzuri ya kumfurahisha mwalimu nenda kwa huyu bwana, mie ntakuharibia.

Maana wenyeji joto likiwazidi wanaingia baharini kweli. Nenda Forodhani jioni ya kaskazi maji yakiwa yamejaa, utawaona vijana wanajirusha kutoka ukutani, wanapinduka hewani mara mbili, wageni wanapiga picha. Wamevaa nini? Bukta ya mpira, suruali iliyokatwa, mwengine kavaa jezi nzima na namba mgongoni. Hakuna hata mmoja aliepita dukani. Wanawake nao wakienda pwani wanaingia na madira na kanga zao, maji ya magoti, wanacheka wanarushiana maji, basi. Joto linawaingiza baharini lakini haliwaingizi dukani kwangu. Ndo maana ukichukua joto la mji huu na mauzo ya mji huu ukayaweka pamoja, unaunganisha mwili wa mtu mmoja na mfuko wa mtu mwengine.

Sasa grafu. Daftari langu ni la kawaida, nnaandika kilichouzwa na bei, sina kompyuta ya maana. Tukachukua miezi, yeye akatafuta joto la kila mwezi, tukaanza kutia vitone. Upande wa kushoto kwenye baridi, Julai na Agosti, vitone viko juu. Upande wa kulia kwenye joto, mwisho wa Disemba, Januari, Februari, vitone viko juu vile vile. Katikati, Aprili, Mei, Novemba, vimezama chini. Machi peke yake imekaa kulia kwenye joto kabisa na imeshaanza kuporomoka kwa sababu mvua zishaanza kunusanusa. Ukitoa hiyo Machi, umbo lote ni bakuli.

Mtoto akapiga ile hesabu yao ya korelesheni, ile ya Karl Pearson, jawabu lake linakuwa baina ya hasi moja na moja, ukipata karibu na moja vitu vinapanda pamoja, karibu na hasi moja kimoja kinapanda chengine kinashuka. Yake ikaja imelala jirani na sifuri. Akasema "hakuna uhusiano." Nkamwambia angalia tena hiyo picha, unaona hakuna kitu hapo? Na kumbe mwalimu wao kashawafundisha, ile namba inatafuta mstari ulionyooka tu, ukiipa bakuli inakwambia sifuri, kwa sababu upande mmoja unashuka na wa pili unapanda vinafutana. Akanionesha na mfano wa bwana mmoja anaitwa Francis Anscombe, mwaka 1973 kaandika seti nne za namba, korelesheni zake zote sawasawa, 0.816 hivi, lakini ukizichora kila moja sura yake, moja imepinda, moja ina kitone kimoja kimekimbilia mbali kinawavuta wote. Mie hiyo ilinifurahisha sana, maana wafanyabiashara tunajua kuchora kabla ya kupiga hesabu hata kama hatuchori, unakaa na mwaka kichwani unauona ulivyo.

Na hilo bakuli si bahati nasibu. Mvua zetu mbili zote zinakuja pepo zikiwa zinabadilishana, kusi anapompokea kaskazi na kaskazi anapompokea kusi, na hapo ndo joto nalo liko katikati, si kali si baridi. Kwa hiyo miezi ya joto la katikati ndo miezi ya mvua, na mvua ndo inafukuza wageni, hoteli nyengine za pwani zinafunga kabisa Aprili na Mei zinapaka rangi na kurekebisha paa za makuti. Mji Mkongwe unabaki sie na paka. Miezi ya pembeni, baridi na joto, yote mikavu, basi ndege zinajaa.

Ndege ndo neno lenyewe. Nguo ya kuogelea hapa inanunuliwa na mtu aliyeshuka kwenye ndege, na watu wanaoshuka wamekuwa wengi mno siku hizi, 2023 walipita laki sita, 2024 wakapita laki saba, na kisiwa ni hiki hiki. Wanakuja lini? Wanakuja skuli zao zikifungwa. Julai na Agosti Ulaya nzima ipo likizo, Wataliani wana Ferragosto yao tarehe 15 Agosti hapo nchi yao inasimama. Kisha Krismasi na mwaka mpya. Kisha Poland wana likizo ya baridi ya skuli, wanapokezana mikoa kwa mikoa kutoka katikati ya Januari mpaka Februari, na hawa siku hizi ni wengi, nimeshajifunza kusema ahsante kwao. Tukajaribu mchezo mwengine, tukachukua mauzo yangu tukayaweka na joto la Milano badala ya Unguja, tukategemea sasa mstari utanyooka. Wapi! Bakuli tena. Julai na Agosti kwao joto, wanakuja. Januari kwao baridi inakata, wanakuja, wanaikimbia. Katikati kwao kukiwa na hali nzuri ya hewa wametulia majumbani. Joto la kwao halisemi, la kwetu halisemi, kinachosema ni kalenda ya wizara ya elimu ya nchi ambayo mie sijawahi kuikanyaga.

Mtu ataniuliza, lakini si wanakuja nazo kutoka kwao hizo nguo? Wanakuja nazo. Ila mzigo umebaki uwanja wa kati, Addis au Doha au Istanbul, yeye kafika na begi la mgongoni, kesho ana safari ya boti. Huyo ni mteja wa kweli, habishani bei, anataka inayomfika tu. Mwengine kakaa siku kadhaa Matemwe na bufee ya hoteli, ile aliyokuja nayo imeanza kugomba. Mwengine hakujua kama mitaani kuna mabango yanaomba watu wasitiri mabega na magoti, anakuja kutafuta kanga au kimono ya kujitupia juu ya bikini, na akishaingia anaona mzigo mwengine. Na wapo wanaotaka iliyoshonwa hapa hapa kwa rangi za kitenge, si kitenge chenyewe maana kitenge ni pamba, kikiingia maji kinavuta uzito kinaning'inia, bali kitambaa cha kuogelea kilichopigwa chapa ya maua yetu. Hizo faida yake ndo nzuri.

Baridi ya Julai ina jambo moja inauza yenyewe, sitainyima haki yake. Kusi akishika, Paje yote imejaa maparachuti ya wale wanaoteleza na ubao juu ya maji, wanataka upepo na upepo ndo huo, na ukitoka majini na upepo ule unatetemeka hata uwe umetoka Warszawa. Hao hawataki bikini, wanataka rashigadi, zile fulana za kubana za mikono mirefu, na bukta za kitambaa kinachokauka haraka. Wanakuja tena na kaskazi lakini kwa wakati huo wanazungumzia jua, mikono mirefu ya kuzuia kuungua. Nguo ile ile, msimu wa baridi naiuza kwa baridi na msimu wa joto naiuza kwa jua. Nikiagiza rashigadi silali na wasiwasi.

Joto lenyewe la Unguja mie nalifikiria zaidi kwenye stoo kuliko kwenye mauzo. Nguo hizi zinavutika kwa sababu ya nyuzi za elastane, zile alizozivumbua Joseph Shivers pale DuPont mwaka 1958, kwenye lebo utaona nailoni asilimia themanini na hiyo kitu ishirini, au karibu na hapo. Ni nzuri lakini haipendi joto, haipendi jua, haipendi klorini ya mabwawa ya hoteli, na sie hapa tuna joto na unyevu na hewa ya chumvi vyote kwa pamoja, nyumba za mawe za mjini zinatoa jasho ukutani masika nzima. Mzigo uliobaki Februari ukauacha kwenye mfuko wa nailoni mpaka Juni, unatoa unavuta lastiki inalia krr krr hairudi. Au umeota vidoa vya kuvu kwenye pedi. Kwa hiyo bikini isiyouzika kabla ya masika si ya kuweka, naishusha bei mwisho wa Februari, bora irudishe mtaji. Wateja wanadhani nina roho nzuri.

Na hapo ndo ugumu wa biashara ulipo, kwamba mzigo wa Julai lazima uagizwe Machi au Aprili. Kutoka Guangzhou kwa meli ni muda, ukifika Dar ushushwe, upande boti uje Malindi, ulipiwe, ufunguliwe. Yaani unatoa pesa mwezi ambao huingizi kitu, nje mvua inanyesha, mtaa mtupu, unaagiza bikini za watu ambao saa hiyo hata likizo hawajaomba. Ukingoja mpaka uwaone mtaani ushachelewa, utakimbilia Kariakoo ununue kwa bei ya mtu mwengine. Zipo na za mtumba, robota likifunguliwa Darajani unakuta za majina makubwa hazijavaliwa zina lebo zake, zinatoka Ulaya mwisho wa kiangazi chao, hizo nazipenda ila huchagui saizi, unapewa kilichomo.

Sasa nimebakisha wateja wangu wa nyumbani, maana nimesema wenyeji hawanunui na si kweli yote. Burkini zinanunuliwa, na kila mwaka zaidi. Ile nguo kaibuni mama mmoja wa Australia mwenye asili ya Lebanon, Aheda Zanetti, mwaka 2004, huku kwetu imekuja taratibu, na wengi waliiona mwanzo kule Nungwi kwenye mradi wa Panje uliokuwa unafundisha wasichana kuogelea, picha zake zilipata zawadi ya World Press Photo 2018. Mwanzo mtu akiingia dukani anaishika anairudisha, anasema hii si inabana hii. Siku hizi wanakuja wanawake wanne marafiki kwa pamoja, wanachagua rangi moja, wanabishana bei mpaka koo linakauka, kina mama wa Ng'ambo hawana mchezo.

Hao wanakuja lini? Mwezi ukishaandama. Mfunguo mosi, yaani Idi baada ya Ramadhani, siku nne za sikukuu, kisha wiki mbili tatu za pikiniki, kila ofisi na kila kikundi cha vikoba kimekodi gari kinakwenda Kizimkazi au Jambiani na masufuria ya biriani. Ikiwa sikukuu imeangukia mvua, wanakwenda na mvua. Na mwezi wetu haufuati joto wala pepo, kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo mteja wa burkini anazunguka mwaka mzima, miaka fulani ananikuta kipupwe, miaka fulani masika. Ndo kitu kilichomchanganya kabisa yule mtoto, katika daftari kuna mwiba mmoja mrefu unaotembea kila mwaka, kwenye grafu ya joto hauna pa kukaa.

Nkamwambia tulia, tazama unapokwenda. 2026 Idi el-Fitri ni Machi. 2028 itakuwa mwisho wa Februari, 2029 katikati ya Februari, 2030 mwanzo wa Februari, na huo mwaka Ramadhani inaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba, ya pili Idi yake ni Januari 2031, inshallah tukiwa hai. Maana yake kwa miaka hiyo wageni wa kaskazi na kina mama wa pikiniki wote watanijia kwenye joto kali, Januari na Februari. Atakaekuja kuchukua daftari langu la miaka hiyo akachora vitone vyake atapata mstari unapanda kulia mpaka mwalimu ampigie makofi, na ataandika joto likizidi Unguja nguo za kuogelea zinauzika. Mie burkini za miaka hiyo ntaziagiza Septemba, rangi ya bluu ya giza zaidi na za kijani kidogo, zile za pinki zilinikalia.